Aliyoyatoa Mama Katika Hadithi

Juzi tumemzika mdogo wangu Chumo. Kijana mmoja wa kanisa, mwenye tai na sauti nzuri, akasimama mbele ya watu akasoma maisha ya marehemu, na akasoma kwamba alikuwa mtoto wa kiume wa pekee wa mama yake. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha mbele, kile wanachowapa wazee ili wasije wakaanguka, na nikasema kwa sauti, "Si kweli." Binti yangu akanibana mkono. "Mama, tafadhali," akaninong'oneza. Tafadhali ya nini? Mtoto wa watu anafutwa mbele yangu mchana peupe, halafu mimi niambiwe tafadhali!

Ninyi wa rika langu mtanielewa. Nyumba nyingi za siku zetu zilikuwa na mtoto mmoja asiyetajwa. Alikuja, akakaa kidogo, akaondoka, na watu wazima wakafunga midomo. Wa kwetu aliitwa Kiprono, kwa sababu alizaliwa jioni mbuzi wakirudi zizini. Alinifuata mimi kuzaliwa, na Chumo akaja baada yake. Chumo amekufa mzee asiye na jino, amezika mke na amelea wajukuu, na hakuwahi kumtia kaka yake machoni.

Nimeandika vijitabu vya hadithi maishani mwangu, si vingi, na kwa sababu hiyo vijana huniletea karatasi zao. "Shosho, nitengenezee hii." Wananiuliza nilisomea wapi. Nawaambia nilifundishwa na mama, kando ya moto, kabla sijajua kalamu inashikwa upande gani. Wanadhani ni maneno ya heshima tu ambayo kila mtu huyasema juu ya mama yake. Si heshima. Ninawaeleza kazi ilivyofanyika, na ilivyotuumiza.

Kwetu kulikuwa kwenye mteremko, upande wa Litein. Ng'ambo ya kijito msitu ulikuwa umeng'olewa na chai imepandwa, bado changa, inamfika mtu mzima magotini. Baba aliswaga maksai waliovuta kuni za kiwanda. Mama alikuwa na ng'ombe wake, wimbi lake, na mdomo wake. Huo mdomo ndio uliowaleta watu. Jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, majirani walipata visingizio: huyu amekuja kuomba kaa la moto, yule anamtafuta mbuzi ambaye yuko kwake amelala. Wakishaketi, mama anaanza. Mchana hakusimulia hata umbembeleze vipi. Tuliambiwa ukisimulia hadithi jua likiwaka ng'ombe watapotea, na hakuna mtoto aliyetaka kuulizwa ng'ombe wako wapi.

Kiprono alikuwa msikilizaji mbaya kuliko wote. Hakunyamaza. Alitaka kujua fisi alikula nini jana, na kama fisi ana dada. Alikuwa na pengo la meno ya mbele, akiuliza mate yanaruka. Ninyi mnajua maziwa yetu ya kibuyu, mursik, yanavyotiwa unga mweusi wa mkaa wa mti wa senetwet. Kiprono alichovya kidole katika ule weusi ulioelea juu, akajipaka kwenye paji la uso, kisha akazunguka boma lote akimwuliza kila mtu, "Mimi ni nani?" Lazima useme, "Sikujui! Wewe ni nani?" Hapo atacheka mpaka akae chini. Ukikosea ukasema, "Wewe ni Kiprono," atalia mpaka kamasi zimfike kidevuni. Uji wake alimpa ndama, halafu akaja kulalamika kwamba ana njaa. Na tukilala, kisigino chake kilikuwa juu ya tumbo langu, kizito, cha baridi. Nikikisukuma, kinarudi.

Msimu ule mvua ya mawe ilipiga mpaka wimbi likalala chini, na baada yake kifua cha Kiprono kikaanza kukoroma hata akiwa macho. Mama alimkanda kwa samli ya moto. Alimwekea majani, akamwinamisha juu ya mvuke. Baba akanichukua akanipeleka kwa senge, yaani dada yake, aliyeolewa upande wa Kapkatet. "Ukamsaidie senge yako kulinda wimbi, ndege wamezidi," akasema. Nilifurahi, jamani! Kwa senge kulikuwa na asali, na hakukuwa na mtu wa kuniwekea kisigino tumboni.

Niliporudi, ngozi aliyolalia Kiprono ilikuwa imekunjwa na kuwekwa juu ya dari. Mama alikuwa akichambua mboga. Nikauliza yuko wapi. Senge, aliyekuwa amenisindikiza, akanivuta nje mpaka nyuma ya zizi.

"Alilala, hakuamka," akaniambia. "Usimtaje tena. Utamwumiza mama yako."

Ndiyo yote niliyopewa. Nyumbani kwetu mtoto mdogo hakuliliwa mbele za watu, na jina lake liliachwa kama lilivyo, bila mtu wa kulichukua. Usiku ule sikupata usingizi. Tumbo langu lilikuwa jepesi, na wepesi ule nilishindwa kuuzoea.

Mama naye alikaa bila hadithi. Majirani walikuja siku za kwanza na visingizio vyao, wakakuta moto na kimya, wakaacha kuja. Wimbi likapandwa tena, likavunwa. Halafu jioni moja tukiwa wawili tu, bila mtu kumwomba, mama akasema, "Palikuwa na kijana mdogo ambaye mama yake alimtuma akamlete ndama kabla ya mvua ya mawe."

Niliacha kuchochea moto. Kijana huyo alikuwa na pengo la meno. Alijipaka weusi wa mkaa usoni, akausimamisha mti njiani akauuliza, "Mimi ni nani?" Mama hakutaja jina, lakini ungemkosa vipi? Alikuwa amerudi nyumbani. Nilijibana magoti kifuani nisije nikapiga kelele za furaha.

Kijana alipofika ukingoni mwa msitu, mama aliikatiza hadithi. Kisha akaniuliza lile swali lake la kila siku. Mama hakuuliza kama hadithi ni nzuri. Aliuliza, "Umechoka wapi?"

"Sijachoka."

"Usinidanganye. Umejikuna wapi?"

Nilikuwa nimejikuna pale mwanzo, alipoeleza jua lilivyochomoza juu ya vilima na umande ulivyong'aa. Nikamwambia.

"Basi jua liondoke," akasema. "Mtu amepotelewa na ndama, atazama jua la nini? Anza pale ndama hayupo."

Mpaka leo kijana akiniletea karatasi zake, kitu cha kwanza ninachokata ni jua lake. Wananuna. Wakirudi nyumbani wakasoma bila jua, wanakuja kunishukuru.

Ndivyo tulivyoendelea, jioni baada ya jioni. Mama alisimulia, akauliza nimejikuna wapi, akatoa, akapanga upya. Alikuwa na maneno yake. "Usiseme kijana alikuwa na huruma. Sema alimpa ndama uji wake. Mwenye masikio atajisemea mwenyewe kwamba huyu ana huruma, na mtu hasahau alilojisemea mwenyewe." Nikijaribu kusimulia mimi, alinikatiza: "Fisi wako anaongea kama baba yako. Baba yako amekula nani?" Na tukikwama, aliiacha hadithi siku kadhaa, hata nimsihi. "Iache ilale. Ukifungua kibuyu kila siku uonje, hutapata mursik, utapata maziwa mabovu." Nimewaona watu wazima, wenye vitabu vyao, wanaonja kila siku. Wanabadilisha neno asubuhi, jioni wanalirudisha. Ningewaambia hayo ya kibuyu, lakini wengine hata kibuyu hawajakiona.

Kilichotushinda ni mwisho. Jioni moja chui alimkamata kijana, na mama akatikisa kichwa. Jioni nyingine alilelewa na warina asali wa msituni, akasahau kwao. Mara nyingine akageuka kijito. "Mtu hageuki kijito!" mama akasema kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyeleta wazo hilo. Kisha akasema polepole, akiutazama moto, "Na usimwue mtu kwa sababu umekosa mwisho. Huo ni uvivu." Mkono wake ulikuwa umeshika tumbo lake, ambalo lilikuwa limeanza kukua.

Halafu akaanza kumpunguza Kiprono.

Kwanza lilitoka pengo. "Pengo liondoke," akasema.

"Kwa nini? Sikujikuna kwenye pengo!"

"Halina kazi."

Baadaye ulitoka weusi wa mkaa na lile swali la mimi ni nani. Kisha uji wa ndama, ule ule alionifundishia habari ya huruma. Nikimwuliza, jibu ni moja: halina kazi. Kijana alikuwa akipungua mbele yangu, na aliyekuwa akimpunguza ni mama yangu mwenyewe. Nilienda kulala nikiwa na hasira mpaka meno yananiuma.

Senge alikuja kukaa nasi mama alipokaribia kujifungua. Yeye ndiye aliyenieleza, tukisaga wimbi, jinsi watu wanavyorudi. Mtoto akizaliwa, wanawake humzunguka wakaita majina ya watu wa ukoo waliotangulia, mmoja baada ya mwingine. Akiitwa yule anayehusika, mtoto hupiga chafya. Basi ni huyo amerudi, na jina ni lake.

"Na akikataa kupiga chafya?" nikauliza.

"Tunamnusisha ugoro kidogo tumkumbushe njia," senge akasema, akacheka peke yake.

Mimi sikucheka. Niliacha jiwe la kusagia likasimama. Kumbe ndiyo maana ya hadithi! Mama anamtengenezea Kiprono njia. Hadithi ikikaa sawasawa, Kiprono atajitambua ndani yake, na siku wanawake watakapomwita atakuja mbio kama alivyokuwa akija mbio. Yote yalinikalia vizuri kichwani, ila jambo moja. Kama ni hivyo, mbona mama anamtoa pengo? Atajijuaje? Utamwitaje mtu nyumbani kwake huku umemwondolea uso? Nikaamua kwamba mama, kwa uchungu wake, anakosea kazi, na mtu pekee anayeliona kosa ni mimi.

Nikaanza kuyaokota. Alichokitoa mama jioni, mimi asubuhi nilimwambia ndama sikioni, nimemshika shingo: pengo, mkaa, uji, kisigino. Ilikuwa mchana, ndiyo, lakini nilijitetea kwamba hiyo si hadithi, ni kukumbushana tu. Na ng'ombe hawakupotea hata mmoja, nikaona nimeruhusiwa.

Siku hizo alikuwapo mwanamke mmoja kutoka upande wa ziwa, Mama Atieno, mumewe alifanya kazi kiwandani. Alikaa kwenye kambi ya wafanyakazi na alikuja kila jioni na kopo lake kuchukua maziwa. Kiswahili changu cha kwanza nilikipata kwake, pamoja na sukari guru. Alikuwa mpole, mwenye kicheko cha karibu, na alipenda kukaa. Jioni moja mama, tumbo limeshakuwa kubwa, akamsimulia ile hadithi kwa Kiswahili cha kuunga, mimi nikimpa maneno yaliyompungua. Mara hii mama alikwenda moja kwa moja bila kukwama. Ndama amepotea, mama anamtuma kijana, mawingu, msitu, ndama anapatikana, wanarudi wote wawili. Mwisho ulikuwa huo. Hakuna mtu aliyejikuna popote.

Mama Atieno alilizungusha kopo mkononi.

"Ni mzuri," akasema. "Ndama naiona. Mvua naiona, hata baridi nasikia. Lakini hii mtoto yako haina uso, mama. Ni mtoto ya nani?"

Mama alichukua lile kopo, akalijaza, akamrudishia. Kisha akaingia kule nyuma wanakolala mbuzi, akakaa huko. Tulisikia mbuzi wakimpisha.

"Nimesema nini mbaya?" Mama Atieno akaniuliza.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa alichokuwa akifanya mama. Alitoa kila mahali palipomkwama sauti. Pengo lilimkwama kooni, akasema halina kazi. Mkaa ulimkwama, ukaondoka. Alikuwa akitafuta hadithi atakayoweza kuisimulia mpaka mwisho bila kuvunjika, na aliipata, ila ndani yake hapakuwa na mtu. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi nilikuwa ninaujua wa dada tu. Hilo ndilo ninalowaambia vijana, na ndilo wanalochelewa kulisikia. Kuna neno linalochosha na kuna neno linalouma, na yote mawili yanakufanya utamani kuyaruka. Linalochosha litoe bila huruma. Linaloumiza usiliguse, hata ukishindwa kulisoma kwa sauti.

Chumo alizaliwa asubuhi ya ukungu. Nilisikia vigelegele nikiwa kijitoni, nikamwaga nusu ya maji nikikimbia. Wanawake walijaa ndani, moshi umetanda. Mimi nikaachwa nikae karibu na mlango, mradi nisifungue mdomo. Senge alimpakata mtoto, na yule jirani mkubwa wa wote akaanza kuita.

Aliita babu. Mtoto alikuwa macho, ametulia, anatazama moshi. Akaita ndugu ya babu. Akaita wengine niliowasikia wakitajwa kwenye baraka. Hakupiga chafya. Senge akachukua chembe ya ugoro kwenye ncha ya kidole, akampitishia puani. Mtoto akakunja uso, kila mtu akavuta pumzi, halafu uso ukakunjuka. Wanawake wakaanza kutazamana. Wakaita wa upande wa bibi. Wakaita watu ambao hata senge ilibidi aulize ni nani hao.

Mimi nilijua shida iko wapi. Walikuwa wanaita wazee tu! Yule aliyekuwa amesimama pale nje anangoja, hakuna aliyemwita. Na akikaa sana ataondoka, kwa maana hakuwahi kuwa na subira.

Nikasimama. "Kiprono!" nikaita kwa nguvu. Nikasogea mpaka katikati ya wale wanawake. "Kiprono wa pengo! Umejipaka mkaa! Sikujui! Wewe ni nani? Njoo!"

Senge alimpa jirani mtoto akanirukia, akanishika bega.

"Nyamaza! Mtoto aliyekufa haitwi! Hajakua, hajaacha mtu nyuma, atarudia nini? Unataka kumwitia huyu naye kifo?"

"Mwache," mama akasema.

Sauti ilitoka kitandani, ndogo. Senge akaniachia. Mama akanyoosha mikono, jirani akampa mtoto, na mama akamwinamia mpaka nyuso zao zikakaribia kugusana. Nilikuwa karibu kuliko wote, nikaona midomo ya mama ikicheza. Haikutoa sauti, lakini jina nililiona. Na yeye alikuwa akimwita. Alimwita, akangoja, akamwita tena. Nikaelewa kwamba siku zote hizo amekuwa akitaka ninachokitaka mimi.

Mtoto alipiga miayo. Alimtazama mama kwa macho yale ya watoto wachanga ambayo hayamjui mtu, kisha akageuzia macho kwenye moshi.

Mama alibaki ameinama. Yule jirani mkubwa akamgusa begani. Alipoinua kichwa uso wake ulikuwa mkavu kabisa, na nilitamani angelia.

"Endeleeni," akasema.

Wakaita Chumo, babu mmoja wa zamani wa ukoo wa baba, na papo hapo kitoto kikapiga chafya kubwa kuliko mwili wake. Vigelegele vikapaa. Watu wakacheka kwa furaha, wengine kwa kuponea chupuchupu. Mimi nilitoka nikaenda kwa ndama, nikamkuta, nikakosa la kumwambia.

Siku zilizofuata sikutaka kumshika Chumo. Nilimpenda baadaye, nilimpenda sana, na juzi nimemlilia kama mtoto mdogo. Lakini siku zile nilimwona mgeni aliyekalia mahali pa mtu. Akilia nilisema nina kazi. Mama hakunilazimisha wala hakunikemea. Senge alipofungasha kwenda kwake aliniambia nijifunze kumwogopa Mungu, nikamwitikia bila kumtazama.

Baada ya senge kuondoka, Mama Atieno alikuja jioni na kitambaa cha kumfungia mtoto na kopo lake la maziwa. Alikuwa hajakaa nasi tangu siku ile, alikuwa akichukua maziwa mlangoni na kwenda zake. Mama akamwonyesha kigoda. Alikuwa ananyonyesha, mgongo ameuegemeza ukutani.

"Chebet," akaniambia, "msimulie Mama Atieno ile hadithi. Kwa Kiswahili."

"Ipi?"

"Ile yako. Unayomwambia ndama."

Alikuwa akinisikia siku zote hizo. Nikamtazama nione kama ana hasira, lakini alikuwa akimtengeneza mtoto kwenye titi.

Basi nikaanza, kwa Kiswahili changu cha kopo la maziwa. Nilianza pale ndama hayupo. Nikaweka pengo na mate yanayoruka. Nikaweka mkaa na "mimi ni nani", na Mama Atieno akacheka kwa sauti, akapiga paja. Nikaweka uji. "Huyu sasa naona!" akasema. "Huyu hata nikipata yeye kwa njia najua." Nikaweka kisigino cha baridi juu ya tumbo la dada yake, kinachosukumwa na kurudi, na hapo kicheko cha Mama Atieno kikafifia. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akaweka kopo chini taratibu. Alikuwa ameelewa ni mtoto wa nani.

Sauti ilinikwama. Nilingoja, nikaendelea, maana nilikuwa nimeona kinachotokea mtu akiruka. Lakini nilipofika mwisho nilikuwa sina kitu. Sikuwapo. Nilikuwa kwa senge, ninakula asali. Nilikuwa na maneno yale tu niliyopewa nyuma ya zizi.

"Basi kijana akalala," nikasema. "Hakuamka."

"Hapana," mama akasema kwa lugha yetu. "Toa hilo."

"Lipi?"

"La kulala. Hakulala." Alimhamishia Chumo titi la pili. "Nani alikuambia alilala? Alikuwa macho mpaka mwisho. Aliniuliza, Chebet yuko wapi? Nikamwambia amekwenda mtoni, anarudi sasa hivi. Akaniambia, basi tumngoje."

Mama Atieno alikuwa akitutazama kwa zamu. Hakuwa ameelewa hata neno.

"Mwambie," mama akasema. "Usiruke."

Nikamgeukia Mama Atieno nikamwambia kwamba kijana alikuwa macho, anamngoja dada yake.